Akiba Haiozi, Ila Benki Huilipia Pango

Ijumaa moja, saa tisa alasiri kasoro dakika chache, simu ya mezani kwetu ililia, na sauti ya upande wa pili ilikuwa na upole wa kutia shaka. Taasisi moja iliyokuwa imeweka kwetu amana kubwa ya muda maalumu ilitujulisha kwamba amana imeiva leo na haitawekwa upya. Wanaitaka yote, na wanaitaka kabla mfumo wa malipo haujafungwa. Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili kwenye kitengo cha ukwasi cha benki moja ya ukubwa wa kati. Nikaangalia salio letu benki kuu, nikajumlisha, nikajumlisha tena. Haikutosha.

Kiswahili kimelitania neno hili, ukwasi. Mtaani mkwasi ni tajiri, mtu mwenye mali zake. Benki yetu siku ile ilikuwa na mali: mikopo ilikuwa inalipwa vizuri tu, majengo yapo, mtaji uko juu ya kiwango cha sheria. Kilichokosekana ni ukwasi kwa maana ya kibenki, yaani fedha unayoweza kuitoa saa hii hii bila kuuza kitu kwa hasara wala kumwomba mkopaji alipe kabla ya siku yake.

Bosi wangu, mama mmoja asiyepandisha sauti hata kwa ajali, alinipa daftari, akaniambia nipigie benki nyingine na niandike jibu la kila moja. Nilipiga 12. Wawili hawakupokea. Mmoja alisema, "Ndugu yangu, leo hata sisi tumebanwa," na nilijua si kweli, kwa sababu asubuhi ile ile alikuwa ametupigia yeye akitafuta pa kuweka fedha zilizomzidi. Mwingine alikubali kwa riba ambayo bosi aliposomewa alicheka kimya kimya. Mwisho tulikwenda kwenye dirisha la benki kuu la kuzikopesha benki zilizopungukiwa, tukaweka rehani hatifungani, yaani karatasi za deni tunaloidai serikali, tukalipa riba ya adhabu. Malipo yalitoka zikiwa zimebaki dakika ishirini.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu swali ambalo wasomi wa fedha wamelichimba miaka mingi: ukwasi na mtaji huongeza ufanisi wa benki, au huupunguza, hasa kwenye nchi ambazo uchumi wake bado unachipukia? Tafiti ni nyingi na majibu yake yanagongana. Nyingine zinasema benki yenye mtaji mnene hufanya kazi vizuri zaidi, nyingine zinasema mtaji mnene huleta uvivu. Kwenye ukwasi ndiyo vurugu kabisa. Mimi nina dhana yangu kwamba sehemu kubwa ya kinachopimwa hapo hakiko ndani ya benki. Ni gharama ya kuishi na majirani usiowaamini, mahakama zinazochelewa na serikali inayokopa sana, ila inaandikwa kwenye vitabu vya benki kana kwamba ni uzembe au umahiri wa meneja.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu haya yatabaki maneno.

Chukua benki ya mfano yenye mali ya thamani ya 100. Wenye hisa wameweka 10, wateja wameweka amana za 90. Katika hiyo 100, 7 ipo benki kuu kama akiba ya lazima isiyolipwa riba, 3 ni noti zilizo kwenye vyumba vya hazina na mashine za kutolea fedha, 25 ni hatifungani za serikali, 60 ni mikopo, na 5 ni majengo na kompyuta. Amana zinalipwa riba ya asilimia 5, hatifungani zinaleta asilimia 10, mikopo inaleta 15. Mapato ya riba yanakuwa 11.5. Wenye amana wanachukua 4.5, inabaki 7. Uendeshaji unakula 4, mikopo chechefu, ile isiyolipwa, inakula 1.5. Faida ni 1.5, sawa na asilimia 15 ya mtaji. Si haba.

Sasa itazame ile 10 iliyolala, 7 ya benki kuu na 3 ya noti. Wenye amana wanalipwa asilimia 5 juu yake kila mwaka, yaani 0.5, na yenyewe hairudishi hata senti. Hiyo 0.5 ni sawa na theluthi ya faida yote ya benki. Wahenga walisema akiba haiozi. Sawa, haiozi, lakini ya benki inakaa kwenye nyumba ya kupanga, na pango linadaiwa kila mwezi.

Mtu wa haraka atasema: basi punguzeni hatifungani, mkopeshe zaidi, si mikopo inaleta 15? Ngoja kwanza. Katika ile gharama ya uendeshaji ya 4, tuseme 3 inakwenda kwa maafisa mikopo, wathamini, mawakili na wafuatiliaji wa madeni. Ongeza 1.5 ya mikopo chechefu, unapata 4.5 inayobebwa na mikopo ya 60, yaani asilimia 7.5. Mkopo ulioleta 15 umebaki na 7.5. Hatifungani inaleta 10 na inahitaji kijana mmoja na kompyuta.

Basi bodi inachoka, inaacha kukopesha kabisa na kuweka 85 yote kwenye hatifungani. Mapato 8.5, toa 4.5 ya wenye amana, inabaki 4. Uendeshaji umeshuka hadi 1. Faida 3, maradufu ya ile ya mwanzo. Uwiano wa gharama kwa mapato, kipimo ambacho wachambuzi hukikimbilia kabla hawajafungua ukurasa wa pili, ulikuwa asilimia 57 na sasa ni 25. Tena kanuni za Basel, makubaliano ya kimataifa ya kusimamia benki, zinaruhusu nchi kuipa hatifungani ya serikali yake, iliyo katika fedha ya nchi hiyo hiyo, uzito wa hatari wa sifuri, yaani isihesabiwe kabisa pale mtaji unapolinganishwa na mali. Kwa hiyo uwiano wa mtaji, ambao ulikuwa 10 juu ya 65 (mikopo na majengo), kama asilimia 15, sasa ni 10 juu ya 5 ya majengo peke yake. Asilimia 200! Mtaji umejaa, ukwasi umejaa, ufanisi umepaa, na hakuna binadamu hata mmoja aliyekopeshwa.

Nimetia chumvi kwa makusudi. Benki halisi haifiki huko kwa sababu mkopaji haji peke yake: huja na akaunti ya mishahara ya wafanyakazi wake, malipo ya wauzaji wake, ada za hapa na pale. Hatifungani haina ndugu. Lakini mwelekeo ni huo, na katika nchi nyingi ambako serikali hukopa ndani kwa riba nono, si vigumu kuuona kwenye mizania zinazochapishwa magazetini.

Hapa ndipo vipimo vyenyewe vinapohitaji kuulizwa maswali. Njia mbili zinazotumika sana kupima ufanisi wa benki zilizaliwa karibu wakati mmoja: ya makadirio ya kitakwimu mwaka 1977, na ile ya kuchora mpaka wa waliofanya vizuri zaidi, ya watafiti Charnes, Cooper na Rhodes, mwaka 1978. Wazo la hii ya pili ni jepesi. Unazikusanya benki zote, unaangalia kila moja inaingiza nini (wafanyakazi, majengo, amana) na inatoa nini, kisha zile zilizotoa kingi kwa kuingiza kidogo zinakuwa mpaka. Wengine wote wanapimwa wako umbali gani na mpaka huo. Kompyuta inafanya kazi hiyo kwa sekunde.

Kompyuta haikuamulii, hata hivyo, nini ni zao la benki. Ukiandika kwamba hatifungani ni zao sawa na mkopo, ile benki yetu ya kijana mmoja inakaa juu ya mpaka, na utafiti wako utatangaza kwamba ukwasi huongeza ufanisi. Ukiandika kwamba zao ni mikopo peke yake, benki hiyo hiyo inaanguka mwisho wa orodha, na utatangaza kwamba ukwasi huua ufanisi. Data ni zile zile. Amana nazo zina ubishi wa aina yake: wengine wanazihesabu kama malighafi ya kutengenezea mikopo, wengine kama huduma ambayo mteja amekuja kuinunua. Ninaposoma muhtasari wa utafiti siku hizi naruka moja kwa moja hadi sehemu inayotaja kilichohesabiwa kama zao. Nikiikosa, nafunga.

Kuna tatizo jingine, na hili wachumi Berger na DeYoung walilieleza vizuri mwaka 1997. Benki inayobana matumizi kwenye kuchunguza wakopaji huonekana na ufanisi mkubwa leo, kwa sababu gharama zimeshuka na mikopo bado mipya haijaanza kusumbua. Afisa mikopo anayemtembelea mkopaji mara nne kwa mwaka, akakagua stoo, akazungumza na mhasibu, akaona mashine mbili zimezimwa tangu mwezi uliopita, ni gharama. Anayekopesha kwa kuangalia fomu tu ni nafuu. Kukopa harusi, kulipa matanga, na kipimo cha ufanisi kwa kawaida hupiga picha siku ya harusi.

Mtaji unaingia hapo hapo. Hoja ya msingi ya kutaka mwenye benki aweke fedha zake ni kwamba mtu hulinda cha kwake. Mwenye hisa aliyeweka 10 kwenye mali ya 100 akipoteza 5 ataamka usiku. Aliyeweka 2 atacheza kamari, kwa sababu ikishinda ni yake na ikishindwa ni ya wenye amana. Ndiyo maana makubaliano ya kwanza ya Basel mwaka 1988 yaliweka asilimia 8 ya mali zilizopimwa kwa uzito wa hatari. Yale ya 2010, yaliyokuja baada ya mtikisiko wa fedha wa dunia, yalidai mtaji wa kweli wa hisa usiopungua asilimia 4.5, na juu yake kinga ya 2.5. Wasimamizi wengi wa nchi zinazochipukia hawakuridhika na 8. Kenya inadai asilimia 14.5 ya mtaji wote, na Nigeria inadai 15 kwa benki zenye leseni ya kimataifa. Nawaelewa. Mahali ambapo mshtuko mmoja wa bei ya mafuta au kushuka kwa sarafu kunatikisa wakopaji wote kwa mpigo, 8 ni koti jepesi.

Ila kuna mtaji na kuna karatasi ya mtaji. Mwaka 2004 gavana wa benki kuu ya Nigeria, Charles Soludo, alitangaza kwamba kila benki iwe na mtaji wa naira bilioni 25 ifikapo mwisho wa 2005, kutoka bilioni 2. Benki 89 ziliungana, zikanunuana, zikabaki 25. Kwa macho ya mpimaji hayo ni mafanikio makubwa: benki kubwa, mtaji mwingi, matawi yaliyorudufiana yamefungwa. Haikupita miaka minne tangu tarehe ile ya mwisho, soko la hisa lilikuwa limeporomoka na bei ya mafuta imeanguka. Agosti 2009 gavana aliyefuata, Sanusi Lamido Sanusi, aliwaondoa wakuu wa benki 5 kwa siku moja, na msaada uliomiminwa kwenye mabenki yaliyoyumba ulifika naira bilioni 620. Sanusi alieleza baadaye kwamba sehemu ya mtaji ule uliosifiwa ilikuwa imenunuliwa kwa fedha za wenye amana wenyewe. Benki inamkopesha mtu, mtu ananunua hisa za benki, mtaji unapanda. Mkono wa kulia umeukopesha wa kushoto na vitabu vinashangilia.

Ghana ilipita njia ya kufanana nayo. Mwaka 2017 kiwango cha chini cha mtaji kilipandishwa kutoka cedi milioni 120 hadi milioni 400, na Agosti 2018 benki kuu ilisema wazi kwamba baadhi ya benki zilizofutiwa leseni zilikuwa zimeipata leseni hiyo kwa mtaji ambao haukuwepo. Mwanzoni mwa 2019 zilibaki benki 23.

Kwa hiyo mtafiti anayechukua safu ya "mtaji" kwenye taarifa za fedha na kuilinganisha na ufanisi anaweza kuwa analinganisha ufanisi na uhodari wa mhasibu. Na hata pale mtaji ulipo wa kweli, ni nani amemzaa mwenzake? Benki inayoendeshwa vizuri hupata faida, haigawi yote kama gawio, na faida iliyobaki inakuwa mtaji. Ukikuta mtaji na ufanisi vinatembea pamoja, huenda ufanisi ndio ulioanza safari. Msemo wetu kwamba mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe unaifaa benki ndogo kuliko watu wanavyodhani. Haina soko la hisa la kukimbilia, hivyo mtaji wake unatokana na kazi ya mwaka jana.

Nirudi kwenye simu zangu 12, maana ndizo zinazoniuma.

Katika vitabu, benki haihitaji kujaza fedha ndani kwa sababu ikipungukiwa itakopa kwa jirani usiku mmoja na kurudisha asubuhi. Wachumi Diamond na Dybvig walionyesha mwaka 1983 kwa nini benki hata iliyo nzima inaweza kuangushwa na wateja wanaoogopana, na kazi hiyo ilichangia wao kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2022. Woga wa aina hiyo uko pia kati ya benki na benki. Kenya ni mfano ninaoufuatilia sana. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, benki 3 zilianguka mikononi mwa wasimamizi wa amana, mojawapo baada ya udanganyifu wa miaka mingi kugundulika. Benki kubwa zikaacha kuzikopesha ndogo. Fedha zilikuwepo nchini, tena nyingi, ila zilikuwa zimekaa upande mmoja wa mto. Benki ndogo zililipa riba ya juu kupata amana, au zilijaza fedha zisizozaa ili zisije zikapiga simu ambayo haitapokelewa. Septemba mwaka huo huo wa 2016 sheria ya kuweka kikomo cha riba za mikopo ikaanza kutumika, hadi Novemba 2019, na benki zikazidi kukimbilia hatifungani za serikali badala ya mkopaji mdogo ambaye riba yake sasa haikuilipa hatari yake.

Weka benki mbili hizo, kubwa na ndogo, kwenye kompyuta ya mpimaji wa mwaka 2016. Ndogo itaonekana haina ufanisi: amana za gharama, fedha nyingi zilizolala, mikopo michache. Meneja wake anaweza kuwa hodari kuliko wote. Anacholipia ni dhambi ya benki tatu ambazo si zake.

Kanuni ya ukwasi ya Basel inadai benki iwe na mali za kuuzika haraka zitakazotosha kuvuka siku 30 za msukosuko. Nakubaliana nayo. Lakini mali ya kuuzika haraka ni ipi, pale ambapo soko zima lina muuzaji mmoja wa karatasi salama, na huyo ni serikali? Desemba 2022 Ghana ilizindua mpango wa kubadilisha madeni yake ya ndani. Wenye hatifungani, benki zikiwa mstari wa mbele, walitakiwa kupokea mpya zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Karatasi zile zile zilizohesabiwa kama ukwasi, zilizopewa uzito wa sifuri kwenye hesabu ya mtaji, na zilizozifanya benki zionekane na ufanisi wa kupigiwa mfano, ziligeuka kuwa hasara kwenye safu zote tatu kwa pamoja. Mtaji ulipungua, ukwasi ukaganda, faida ikageuka. Benki kuu yenyewe iliandika hasara ya zaidi ya cedi bilioni 60 kwa mwaka huo. Mkopaji wa kawaida ana uzito wa asilimia 100 na hutembelewa mara nne kwa mwaka kukaguliwa stoo. Huyu mwingine hakuna aliyemtembelea.

Siku hizi nikishika taarifa ya fedha ya benki, kabla ya uwiano wowote natafuta mambo machache yasiyopendeza kwenye grafu: amana 10 kubwa zaidi ni sehemu gani ya amana zote, hatifungani zinaiva lini, na mikopo iliyopangwa upya ni kiasi gani. Huwa yamefichwa kwenye maelezo ya nyuma, kwa herufi ndogo, na mara nyingi sehemu ya majibu haipo kabisa.

Amana yetu ya Ijumaa ile ilikuwa moja tu, na ilikuwa karibu asilimia 6 ya zote. Jumatatu iliyofuata uliamuliwa ukwasi upandishwe. Tulikaa na fedha nyingi benki kuu na dhamana za serikali za siku 91, tukapunguza kasi ya mikopo. Mwaka uliofuata faida ilishuka, na washauri walioajiriwa kutulinganisha na wenzetu walileta jedwali lililotuonyesha tumeporomoka nafasi kadhaa kwa ufanisi. Mjumbe mmoja wa bodi alitaka kujua kwa nini tunakumbatia fedha zisizozaa wakati wateja wanaomba mikopo. Lilikuwa swali la haki kabisa.

Bosi hakuleta jedwali lake. Alifungua lile daftari kwenye ukurasa wa simu 12, wenye mwandiko wangu mbaya na alama za "hakupokea", akalisukuma hadi mbele ya yule mjumbe. Mjumbe akausoma ukurasa wote taratibu, kisha akauliza, na leo je, tukiwapigia, watapokea?

"Sijapiga," bosi akasema.